Kobe, Ngeli na Chaki: Historia Fupi ya Kufikiri Kitarakilishi Katika Shule za Msingi

Wengi wenu mmezoea kunisoma hapa nikilalamika kuhusu seva na hifadhidata. Leo naweka hayo kando, tuingie darasani. Kila mwalimu wa shule ya msingi anapojua kwamba kazi yangu ni kuandika programu, huniuliza swali moja: hii kodingi mnayotaka tuwafundishe watoto, tutaifundisha saa ngapi? Ratiba imejaa. Kuna Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Mazingira, na bado kuna michezo na usafi wa darasa.

Ni swali la haki, na halikuanza Kenya. Limeulizwa Marekani, Uingereza na kwingineko kwa karibu miaka 60, na majibu yaliyopatikana, mazuri na mabaya, yanaweza kutuokolea muda na pesa. Ndiyo maana leo nawaletea historia.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mashine yenyewe wengine huiita kompyuta, wengine ngamizi. Mimi hapa hutumia tarakilishi. Kufikiri kitarakilishi ni namna ya kulikabili tatizo: kulivunja vipande vidogo, kutambua ruwaza inayojirudia, kuacha yasiyohitajika, kuandika hatua kwa mpangilio ambao mwingine anaweza kuufuata bila kukuuliza, halafu kusaka kosa pale hatua zinapoleta jibu lisilotarajiwa. Hatua hizo zilizopangwa ndizo tunaziita algorithimu, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Huyu bwana hakuwa na tarakilishi. Alikuwa na wino na karatasi.

Kulikuwa na maneno kabla ya kobe

Mwaka 1961, Alan Perlis, mmoja wa waasisi wa taaluma hii Marekani, alipendekeza kwamba kila mwanafunzi wa chuo kikuu afundishwe kuandika programu, hata kama anasomea fasihi. Mwaka 1964, pale Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz walitoa lugha ya BASIC ili hata wanafunzi wasiosomea sayansi waweze kuitumia mashine. Lakini hao wote walikuwa wakiwafikiria vijana wa chuo. Nani angemfikiria mtoto wa miaka 10?

Jibu lilitoka katika kampuni moja ya utafiti mjini Cambridge, Massachusetts, iliyoitwa Bolt, Beranek and Newman. Mwaka 1967, Wallace Feurzeig, Seymour Papert, Cynthia Solomon na Daniel Bobrow walitengeneza hapo lugha iliyopewa jina la Logo, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya neno au fikra. Papert alikuwa Mwafrika Kusini, mzaliwa wa Pretoria mwaka 1928. Kabla ya kufika Marekani alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, yule mtaalamu aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watoto wanavyojenga maarifa. Kwa Piaget, mtoto si debe tupu linalongoja kujazwa. Anajenga mwenyewe, kwa vifaa anavyovikuta karibu naye. Papert akajiuliza: je, tukimpa kifaa bora zaidi cha kujengea?

Logo ilijaribiwa mara ya kwanza majira ya joto ya 1967 na watoto wa darasa la tano na la sita katika shule iliyo karibu na uwanja wa ndege wa kijeshi wa Hanscom, Massachusetts. Na hapa ndipo wengi hushangaa: hapakuwa na kobe wala michoro. Watoto walifanya kazi na maneno na sentensi. Logo ya kwanza ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, chombo cha somo la lugha.

Katika kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, Papert anasimulia habari za msichana mmoja aliyemwita Jenny. Jenny hakuona maana yoyote ya kujifunza nomino na vitenzi. Akapewa kazi ya kuandika programu ya kutunga sentensi kwa kuchagua maneno kibahati. Sentensi zake zikatoka shaghalabaghala, mpaka akalazimika kuyagawa maneno katika makundi, nomino huku, vitenzi kule. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini sarufi ina makundi hayo. Hakuwa amefundishwa jambo jipya. Alikuwa amepata sababu ya kulihitaji.

Ngeli kama programu

Sasa mwalimu, chukua habari hiyo ya Jenny uilete kwetu. Kiingereza kina nomino na vitenzi, basi. Kiswahili kina ngeli! Sijui lugha nyingi zinazofaa kazi hii kama yetu.

Tafuta makopo mawili matupu. Katika kopo la kwanza tia vikaratasi vya nomino: mtoto, kiti, mti, jani, ndizi. Katika la pili tia vitenzi: anaanguka, kinaanguka, unaanguka, linaanguka, inaanguka. Mtoto mmoja achomoe huku, mwingine kule. Darasa litasoma "kiti anaanguka" na "mtoto kinaanguka", na watacheka. Waache wacheke, kisha waulize: tufanye nini ili makopo haya yasikosee tena?

Watakachopendekeza ni kuyagawa: kopo la A-WA, la KI-VI, la U-I, la LI-YA, la I-ZI. Hiyo ni kupanga data. Kisha wataandika kanuni: ikiwa nomino imetoka kopo la KI-VI, kitenzi kianze na ki-, ikiwa wingi, vi-. Hiyo ni programu yenye masharti. Hakuna umeme uliotumika.

Halafu chomeka kikaratasi cha "kiboko". Kwa kanuni yao watapata "kiboko kinaogelea". Sentensi inasikika vibaya, na kila mtoto anajua. Basi kanuni ina kosa, na lazima litafutwe. Wataongeza sharti: ikiwa ni kiumbe mwenye uhai, tumia A-WA. Liwekwe wapi, mwanzo au mwisho? Likiwekwa mwisho, kiboko atakuwa ameshapewa ki- kabla ya kulifikia. Kwa hiyo lazima litangulie. Tayari watoto wamejifunza kwamba mpangilio wa masharti hubadilisha jibu, jambo ambalo mimi nimewahi kuwaona watu wenye shahada wakihangaika nalo.

Ukiwa na darasa la wakubwa kidogo, waletee "rafiki". Rafiki anakuja, kwa hiyo kitenzi ni cha A-WA. Lakini husemi rafiki wangu, unasema rafiki yangu. Kanuni ya uhai inatawala kitenzi, ila hapa haitawali kimilikishi. Waache wazozane. Kipindi hicho kitakuwa cha Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na ukikitia kwenye andalio la somo hutahitaji kubadilisha mada.

Kobe anaingia

Turudi Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Papert na wenzake, wakiwa sasa MIT, walimleta kobe. Wazo la mashine ndogo inayotambaa sakafuni lilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, pale William Grey Walter wa Bristol, Uingereza, alipotengeneza roboti zake alizoziita kobe. Kobe wa Logo alitii amri: mbele hatua kadhaa, geuka kulia nyuzi kadhaa, kalamu chini, kalamu juu. Baadaye akahamia kwenye skrini, na huko ndiko watu wengi walikomjua.

Uzuri wa kobe ni kwamba mtoto anaweza kujifanya yeye ndiye kobe. Ukikwama, simama, tembea mwenyewe. Mraba ni mbele hatua 4, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Jaribu hilo uwanjani na darasa la tatu, mmoja akitoa amri na mwingine akizifuata bila kusaidia kwa akili yake.

Kisha waambie wachore pembetatu yenye pande sawa. Wengi watasema geuka nyuzi 60, maana wamefundishwa kwamba kila pembe ni 60. Kobe atatembea pande tatu na kuishia mbali na alipoanzia. Atakuwa amechora nusu ya umbo lenye pande sita. Kosa liko wapi? Pembe ya ndani ni 60, lakini anayetembea hugeuka kwa pembe ya nje, ambayo ni 120. Tazama sasa ruwaza: 90 mara 4 ni 360, 120 mara 3 ni 360, 60 mara 6 ni 360. Anayezunguka umbo lolote la namna hii na kurudi alipoanzia, akiangalia alikoangalia mwanzo, amegeuka nyuzi 360. Na ukienda mbele hatua ndogo, ukageuka uzi mmoja, ukarudia mara 360, unapata umbo ambalo macho yataliita duara. Mtoto amefika hapo kwa kusahihisha kosa lake, bila kukariri.

Papert alilipa kosa heshima kubwa. Shuleni tumezoea kalamu nyekundu: umekosa, umekosa, kaa chini. Kwa mwandishi wa programu kosa ni habari. Linakuambia mahali pa kutazama.

Miaka ya tashwishi

Miaka ya 1980 Logo ilisambaa kama moto wa nyikani, maana tarakilishi ndogo zilikuwa zimefika shuleni. Ilifika hata Afrika: mwaka 1982, kupitia kituo kimoja cha kimataifa cha tarakilishi kilichokuwa Paris, Papert na Nicholas Negroponte walihusika katika mradi wa kuwapelekea watoto wa Dakar, Senegal, mashine na Logo.

Ndipo maswali magumu yakaanza. Roy Pea na Midian Kurland, watafiti wa Chuo cha Elimu cha Bank Street, New York, walitaka kujua kama ahadi ilitimia. Waliwachukua watoto waliokuwa wameandika programu za Logo kwa mwaka mzima, wakawapa kazi isiyo na tarakilishi: panga utaratibu mzuri wa kufanya usafi na kazi nyingine za darasani, kwa njia fupi iwezekanavyo. Wakawalinganisha na watoto ambao hawakuwahi kuigusa Logo. Hawakuona tofauti. Watoto wa Logo hawakupanga vizuri zaidi.

Lilikuwa pigo. Magazeti na wakuu wa elimu waliokuwa wameahidiwa miujiza waliona wamedanganywa. Papert alijibu kwamba swali lenyewe limepinda: kuuliza Logo imefanya nini ni sawa na kumuuliza fundi nyundo imejenga nini. Alikuwa na hoja, lakini hoja hiyo haikumsaidia mwalimu aliyebaki na mashine darasani.

Jibu lenye manufaa zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka Carnegie Mellon katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Sharon Carver na David Klahr hawakungoja ujuzi uhame wenyewe kutoka kwenye skrini hadi kwenye maisha. Walikaa chini wakaandika hatua za kusaka kosa: eleza ulichotaka kupata na ulichopata, kisia aina ya kosa, kadiria liko sehemu gani, rekebisha, jaribu tena. Wakawafundisha watoto hatua hizo waziwazi. Kisha wakawapa maelekezo ya kawaida yenye makosa, ya kupanga vitu na kusoma ramani, bila tarakilishi. Watoto walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Ukichukua jambo moja tu kutoka makala haya, liwe hilo. Mtoto akicheza na mashine hajifunzi kufikiri kwa bahati nasibu. Mwalimu akiitaja mbinu kwa jina, akiionyesha, na akiitumia tena katika somo jingine, ndipo inapohama.

Bila mashine kabisa

Miaka ya 1990 wengine walichukua njia iliyo kinyume. Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, pamoja na Ian Witten na Mike Fellows, walianza kuwafundisha watoto sayansi ya tarakilishi kwa kadi, kamba na chaki. Mfano wao unaojulikana zaidi ni kadi tano zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16. Watoto watano wasimame mbele ya darasa, kila mmoja na kadi yake. Kadi inaonyesha nukta au inageuzwa kisogo. Niambieni namba 13: inua 8, 4 na 1. Ukianzia kadi kubwa, hiyo ni 01101. Kwa kadi tano tu unapata namba zote kuanzia 0 hadi 31. Ni somo la Hisabati la kujumlisha, lililofichwa ndani yake siri ya kila simu iliyomo mifukoni mwetu.

Katika Sayansi fanya hivi: andika majina ya wanyama 32 ubaoni. Mtoto mmoja achague mnyama kimyakimya, wenzake waulize maswali ya ndiyo au la. Swali linalogawa orodha nusu kwa nusu (ana uti wa mgongo?) hubakisha 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Maswali matano yanatosha. Anayeuliza "ni punda?" anapoteza swali. Hapo hapo umefundisha uainishaji wa wanyama. Na katika Muziki, kiitikio ni nini kama si kipande kilichopewa jina, kikaitwa kila kinapohitajika bila kuandikwa upya?

Wing, na wimbi la pili

Machi 2006, Jeannette Wing wa Carnegie Mellon aliandika makala ya kurasa chache katika jarida la Communications of the ACM. Alisema kufikiri kitarakilishi ni ujuzi wa kila mtu, uwekwe pamoja na kusoma, kuandika na hesabu. Maneno hayo Papert alikuwa ameshayatumia mwaka 1980, lakini Wing ndiye aliyeyafanya yasikike na serikali. Mwaka uliofuata, 2007, kundi la Mitchel Resnick pale MIT lilitoa Scratch, mjukuu wa Logo, ambamo mtoto hupanga vipande vya rangi badala ya kuandika amri. Siku hizi Scratch inapatikana pia kwa Kiswahili.

Uingereza ina funzo lake. Nchi hiyo ilikuwa na BBC Micro madarasani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ikateleza hadi somo likawa kujifunza kuchapa barua na kutengeneza jedwali. Januari 2012 shirika la wanasayansi, Royal Society, lilitoa ripoti kali, na kufikia Septemba 2014 mtaala mpya England uliwataka watoto wajifunze algorithimu tangu miaka 5. Walimu wa msingi, ambao wengi hawakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, walijikuta wanatakiwa kuanza mara moja. Mwaka 2017 Royal Society ilirudi na kukuta hali ni ya mabaka na dhaifu, walimu wengi hawajiamini. Serikali ikatenga pauni milioni 84, na mwaka 2018 kituo cha kitaifa cha kuwasaidia walimu kikaanzishwa. Yaani mtaala ulitangulia, mwalimu akafuata miaka minne baadaye.

Na sisi je?

Kenya tulianza na mashine. Ahadi ya kampeni ya 2013 ilikuwa tarakilishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2016 vifaa vilianza kusambazwa, vingi vikiwa tableti, na hatimaye vikafika katika shule zaidi ya 20,000 za msingi. Magazeti yetu yaliripoti mara nyingi vikikaa kabatini: hakuna umeme, hakuna usalama, au mwalimu anaogopa kulaumiwa kikivunjika.

Mwaka 2019 mtaala wa umilisi ukaingia gredi za chini. Miongoni mwa umilisi saba wa msingi uliotajwa kuna ujuzi wa kidijitali, na kuna kufikiri kwa kina na kutatua matatizo. Mwaka 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ikaidhinisha silabasi ya kodingi kwa shule za msingi na sekondari. Ni hatua nzuri. Lakini angalia jinsi tunavyozungumza: tukisikia kodingi tunafikiria ule umilisi wa kidijitali na kabati la tableti, wakati sehemu kubwa ya kazi iko katika ule mwingine, na huo hauhitaji chaja.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwalimu anayeuliza saa ngapi ni hili: usitafute kipindi kipya kwanza. Chukua maazimio ya kazi ya muhula huu. Tafuta mada moja ambayo watoto hukosea kila mwaka, iwe ni upatanisho wa ngeli, kugawanya kwa njia ndefu, au kuandika maelekezo katika insha. Waambie waandike hatua. Mpe mwenzao azifuate bila kutumia akili ya ziada. Hatua zikileta kioja, msimsahihishe mtu, sahihisheni hatua. Na mkimaliza, itaje mbinu kwa jina lake, ili kesho katika Sayansi mseme: tutumie tena ile ya jana.

Tableti ikitoka kabatini siku moja, watoto wako watakuwa na kitu cha kuiambia. Isipotoka, hawatakuwa wamengoja bure.

Nanyi waandishi wa programu wenzangu mnaosoma hapa, mnayo shule ya msingi karibu na nyumbani. Nendeni mkamuulize mwalimu ni mada gani inamsumbua, kabla hamjamwambia lolote kuhusu Scratch. Makopo mawili yanatosha kwa kuanzia.